Kupunguza Matiti kwa Kupasuliwa: Ni Kubadili Maumbile au Ni Kuondoa Taabu?

 

Tumeletewa barua kutoka Ndithini, upande wa Masinga katika Machakos. Aliyeiandika ni bibi mmoja mwalimu wa skuli, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi ilimpeleka huko bara. Asema kwamba matiti yake ni mazito mno tangu ujana wake, na uzito ulizidi baada ya kuzaa watoto wawili. Shingo na mabega yamuuma usiku na mchana. Ukanda wa sidiria umechimba mfereji katika kila bega. Wakati wa joto ngozi ya chini ya matiti huchubuka na kutoka vipele. Siku nyingine mgongo humkaza hata hawezi kurukuu, akasali ameketi. Daktari amemwambia kwamba yaweza kupunguzwa kwa kupasuliwa. Mama mkwe wake amemwambia kwamba hiyo ni kukufuru neema. Mumewe amesema neno moja tu: "Muulize Sheikh."

Yatupasa tukiri jambo kabla ya kujibu. Bibi huyu alikwisha kutuuliza miaka miwili nyuma, siku moja baada ya darsa, akiwa amesimama nyuma ya pazia pamoja na dada yake. Nasi tulikuwa na haraka ya kwenda zetu. Hatukumuuliza anaumwa nini, wala daktari alisema nini. Tulisikia "kupasuliwa matiti," tukadhani ni mambo ya urembo, tukajibu: "Haramu, ni kubadili maumbile ya Mungu." Naye akarudi bara na mzigo wake kwa miaka miwili, kwa neno letu. Katika barua yake hakutulaumu. Aliandika hivi tu: "Watu hunitazama nimevaa buibui wakadhani nimepumzika. Buibui lasitiri, halipunguzi uzito." Maneno hayo yametuondolea usingizi, ndipo tukarudi vitabuni.

Huenda msomaji akaona haya kusoma khabari hizi katika karatasi ya dini. Twamkumbusha kwamba Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Wao walimuuliza Mtume mwenyewe mambo ya siri za miili yao, naye akawajibu. Haya ni katika imani, lakini haya inayomwacha mtu katika ujinga na maradhi si ile iliyosifiwa.

Tuanze na hoja ya wanaokataza, maana si hoja dhaifu. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 119, Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba Iblisi aliapa kuwaamrisha watu wabadili aliyoyaumba Mungu. Na katika Hadithi sahihi iliyopokewa na Ibnu Mas'ud wamelaaniwa wenye kuchanja miili, na wenye kunyonyoa nyusi, na wenye kutia pengo meno yao. Mwenye kusikia hayo na akasita mbele ya kisu cha daktari, kusita kwake ni kwa kheri.

Lakini mwenye kusoma asisome nusu. Hadithi hiyo hiyo imetaja sababu ya laana, nayo ni kufanya mambo hayo kwa kutafuta uzuri, na wanavyuoni walioishereheshea wamesema kwamba aliyefanya kwa ajili ya maradhi au aibu iliyompata hamo katika laana hiyo. Wala si kila mabadiliko ya mwili yaliyokatazwa. Sisi sote tumetahiriwa, na tunakata kucha, na hayo ni katika sunna. Tena yuko sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua yake katika vita vya Kulab zama za ujahili. Alijitengenezea pua ya fedha, nayo ikamnukia vibaya. Mtume S.A.W. akamwamrisha afanye ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi tazama namna dini ilivyomfungulia mlango kwa sababu ya taabu yake. Na huyu bibi wa Ndithini, sharia imekwisha kumruhusu asali ameketi kwa ajili ya maumivu yake. Ikiwa nguzo ya Sala imelegezwa kwa taabu hii, vipi taabu hiyo hiyo isihesabiwe tunaponena juu ya dawa yake?

Na wanaodhani kwamba upasuaji wa namna hii ni uzushi wa Wazungu wa leo, nawajue kwamba Abul Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Kiislamu wa Qurtuba katika Andalusia, aliuandika miaka elfu iliyopita. Katika sehemu ya 30 ya kitabu chake At-Tasrif, ameeleza namna ya kuwatibu wanaume ambao matiti yao yamekua mfano wa ya wanawake: tabibu apasue kwa umbo la mwezi mwandamo, atoe shahamu, kisha ashone. Khabari hiyo ni ya wanaume, na ya bibi huyu ni nyingine, lakini asili ni moja, nayo ni kupunguza kilichozidi kwa anayetaabika. Hata hapa Afrika ya Mashariki, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa mwaka 1957, ambalo leo laitwa Amref, waanzilishi wake watatu walikuwa mabingwa wa kurekebisha maumbile: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alijulikana kwa kuwatengeneza nyuso na mikono marubani walioungua katika vita vikuu vya pili. Kazi hiyo haikuwa ya pambo.

Mwaka 1428, yaani 2007 wa Miladi, wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi walikutana Putrajaya, Malaysia, wakalitazama jambo hili lote. Walipambanua baina ya upasuaji wa kuondoa dhara na ule wa kufuata mitindo na matamanio. Wa kwanza wakauruhusu kwa masharti: pawe na maslaha yanayotambulika, dhara isishinde manufaa, afanye daktari bingwa na mwaminifu, mgonjwa aelezwe khatari zote kisha aridhie mwenyewe, na isiwepo njia nyepesi kuliko hiyo.

Masharti hayo si ya kupamba karatasi. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta ya mwilini katika kliniki ya mambo ya urembo, na wakuu wa udaktari wakaamuru kliniki hiyo ifungwe. Vijana wetu hutazama picha katika simu zao, kisha huuchukia mwili waliopewa. Mwenye kwenda kupasuliwa ili afanane na picha, au ili amridhishe mume anayemlinganisha na wanawake wa barabarani, huyo ndiye tunayemkhofia ile aya ya An-Nisaa. Na mwenye kukimbilia pasipokuwa na leseni kwa kuwa ni rahisi, huyo amejitia katika maangamizo kwa mkono wake.

Basi mwenye haja ya kweli na aulize kwanza njia nyepesi. Je, kupungua mwili kwasaidia? Sidiria iliyopimwa vyema yatuliza? Mazoezi ya mgongo na dawa za ngozi je? Zikishindwa hizo, ajue yanayomkabili. Atalazwa kwa dawa ya usingizi kwa muda wa saa kadhaa. Atabaki na makovu maisha yake yote, na katika ngozi zetu nyeusi kovu huweza kuvimba na kuinuka. Chuchu yaweza kupoteza hisia. Akishika mimba tena, matiti yaweza kukua mara ya pili. Na lililo zito zaidi kwa mama ni kwamba maziwa ya kunyonyesha yaweza kupungua au kukosekana.

Hapa ndipo panapohitaji fikira, maana bibi huyu asema angali akitaraji mtoto wa tatu. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imewataja kina mama na kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Lakini aya hiyo hiyo imewaruhusu wazazi kumwachisha mtoto kabla ya muda huo kwa kuridhiana na kushauriana, na imeruhusu kutafuta mwenye kumnyonyeshea. Mwenyezi Mungu amelifanya jambo la kifua cha mama kuwa jambo la mashauri baina ya wawili. Basi mume anayesema "Muulize Sheikh" kisha akanyamaza, ameiacha sehemu yake. Na akae na mkewe, amsikilize, waulizane kama wangoje hadi mtoto wa tatu anyonye, au kama maumivu hayangojeki.

Huko Ndithini nchi ni kavu, na wanawake wa Kikamba hubeba maji mgongoni kwa kamba ipitayo juu ya paji la uso. Mwenye mtungi huo hufika mlangoni, akautua, akanyoosha mgongo, akapumua. Mzigo wa bibi huyu hautuliwi mlangoni wala kitandani. Wahenga walisema kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wanaume tuliokaa barazani, na mama mkwe ambaye hakuumbwa hivyo, sote twauona usufi. Ajuaye uzito ni aliyeubeba, na shahidi wake ni daktari mwaminifu. Hukumu ya dini yajengwa juu ya ushahidi wa wawili hao; haiutangulii.

Jawabu letu basi ni hili. Neno tulilolisema miaka miwili nyuma tumelirudi, na twamwomba Mungu msamaha, na bibi huyo atusamehe. Maadamu hali yake ni kama alivyoandika, na daktari bingwa akathibitisha kwamba njia nyepesi hazikufaa, hatuoni dhambi juu yake akipasuliwa. Atafute daktari mwanamke akimpata. Asipompata, dharura ina hukumu yake. Na akichagua kusubiri kwa ajili ya mtoto anayemtaraji, hatuoni lawama juu yake vilevile, na subira yake ina ujira. Hatumwamrishi hili wala lile. Mwili ni amana aliyopewa yeye, naye ndiye atakayeulizwa alivyoitunza.

Na kwa wenzetu tunaoulizwa mambo ya dini twasema: kabla ya kutamka "haramu," tumuulize aliyesimama nyuma ya pazia anaumwa wapi.

Wallahu a'lam.