Barua za Sumner Wakati wa Vita

Barua ni nusu ya kuonana. Lakini wakati wa vita nusu hiyo huweza kuhesabiwa hiana. Mtu mwenye cheo akimwandikia rafiki wa nchi nyingine, ambayo huenda kesho ikawa adui, je, anaitumikia nchi yake au anaisaliti? Swali hili lataka mfano, na mfano mwema, kwa maoni yangu, ni wa Charles Sumner, mjumbe wa Massachusetts katika Seneti ya Marekani.

Sumner alikuwa adui wa utumwa asiyejua kupatana nao. Mwezi wa Mei 1856, kwa sababu ya hotuba aliyoutolea utumwa, mbunge mmoja wa Kusini alimpiga kwa fimbo ndani ya ukumbi wa Seneti hata akazimia, na zaidi ya miaka mitatu ikapita kabla hajairudia kazi yake sawasawa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya mambo ya nchi za nje, naye alikuwa akiandikiana na John Bright na Richard Cobden, wabunge wa Uingereza.

Tarehe 8 Novemba mwaka huo, manowari ya Kaskazini iliisimamisha Trent, merikebu ya posta ya Kiingereza, ikawatoa humo wajumbe wawili wa Kusini waliokuwa wakienda Ulaya: James Mason na John Slidell. Kaskazini ikashangilia. Uingereza ikadai warudishwe, ikaanza kupeleka askari Kanada. Bright na Cobden wakamsihi Sumner kwa barua kwamba nchi yake isitoe sababu ya vita. Siku ya Krismasi aliitwa katika baraza la mawaziri la Rais Lincoln, akawasomea barua hizo. Kesho yake ikakatwa shauri wafungwa waachiliwe.

Utazame mzigo uliokuwa moyoni mwake. Mason ndiye aliyetunga sheria ya mwaka 1850 iliyoamuru watumwa waliotoroka wakamatwe, warudishwe kwa mabwana zao. Sasa alikuwa mfungwa katika ngome ya bandari ya Boston, mji aliozaliwa Sumner, na Sumner ndiye aliyetakiwa kusaidia arudishwe, tena salama, chini ya bendera aliyoikimbilia! Kisasi kingalisema abaki pale pale. Lakini vita na Uingereza vingaliipa Kusini mshirika mwenye nguvu kuu za baharini, na gharama ya kisasi hicho wangaliilipa watumwa karibu milioni nne.

Simfanyi Sumner malaika. Alikuwa na majivuno, na alimshuku William Seward, waziri wa mambo ya nchi za nje. Barua za faragha zingaliweza kuwa njia ya kumzunguka. Kilichozitakasa, naona, ni kwamba zilisomwa mbele ya wenye mamlaka ya kuamua, Seward mwenyewe akiwapo. Wala rafiki zake hawakuwa na ndimi mbili: tarehe 4 Desemba Bright alikwisha itetea Kaskazini hadharani huko Rochdale, wakati Waingereza wengi walipokuwa wamechafuka kwa hasira.

Mason na Slidell walikabidhiwa kwa manowari ya Kiingereza tarehe 1 Januari 1862. Siku nane baadaye Sumner alisimama katika Seneti, akaeleza kwamba kuwaachilia kulipatana na haki ya baharini ambayo Wamarekani wenyewe walikuwa wakiwadai Waingereza tangu zamani.