Reli Iliyotangulia Karanga

Wahenga walikataza kukata kanzu kabla mwana hajazaliwa. Kule Nachingwea Waingereza waliikata, wakaishona, wakaitia na vifungo vya chuma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kupikia. Serikali ya London ikaamua yatoke kwenye karanga za Tanganyika. Wataalamu waliotumwa mwaka 1946 walikagua nchi kwa wiki tisa, muda mwingi wakiwa angani ndani ya ndege. Wiki tisa! Mvua za msimu mmoja hazijaanza zikaisha, wao wameshafunga mabegi. Kusini peke yake walipanga mashamba 55, kila moja ekari 30,000.

Mzigo wa namna hiyo haubebwi kichwani, basi ikatandazwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kwenda Nachingwea. Mwaka 1949 garimoshi lilikuwa kazini. Bandari ya Lindi haikuwa na kina cha kupokea meli kubwa, kwa hiyo reli ikapelekwa hadi Mtwara, na gati jipya likajengwa huko.

Karanga zikagoma. Januari 1951 London ikatangaza kuachana na mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 zikahesabiwa hasara. Gati la Mtwara lilifunguliwa 1954, miaka mitatu baada ya kilichojengewa kufa. Reli ikahemea vimizigo vya hapa na pale hadi 1962, ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa.

Kosa hilo la kwanza watu hulicheka mpaka leo. Mimi linaloniuma ni la pili, ambalo halitajwi sana. Miaka ile ile reli ilipokuwa ikilia njaa, wakulima wadogo wa kusini walikuwa wakipanda mikorosho kwa jembe la mkono, bila trekta wala mtaalamu wa ndege. Mkorosho hauna haraka; unataka miaka kadhaa ndipo uzae vizuri. Waliopiga hesabu za reli walitazama mabehewa matupu, hawakutazama miche mashambani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka huko huko kusini.

Zilishuka bandarini kwa malori. Za Nachingwea hadi leo zinasafiri hivyo hivyo.