Daraja Bovu na Amri ya Tano

Mji wetu wa Goma hauna mto. Mvua ikinyesha, maji huzama katika mawe ya volkeno yasionekane tena, na mtoto aliyezaliwa Birere au Majengo aweza kufikia umri wa Kipaimara pasipo kuvuka daraja hata moja. Hata hivyo mji huu hula kwa njia ya madaraja. Maharagwe, viazi, jibini na makaa hutoka Masisi. Mawese hutoka pande za Walikale. Vyakula vingine hutoka Rutshuru na Kalehe. Katika njia hizo imo mito ishukayo milimani kwa nguvu, na juu ya mito hiyo yapo madaraja, au vilalo kama tusemavyo huku Kivu, ambayo mengine humfanya hata dereva mwenye miaka ishirini ya kazi afanye ishara ya msalaba kabla hajakanyaga mafuta.

Kwa ajili ya wasomaji wasiosafiri, tueleze kidogo daraja la namna hiyo likoje. Ni magogo machache yaliyolazwa toka ukingo huu mpaka ule, na juu yake mbao zilizopangwa kwa upana, nyingine zimevunjika, nyingine hazipo. Kamyo likifika hapo husimama. Konvwayeri hushuka, hukanyaga mbao moja moja, huokota mawe na vipande vya miti kuziba matundu, kisha hutangulia akitembea kinyumenyume, huku akimwonyesha dereva kwa mikono: kushoto kidogo, kulia, polepole, njoo. Magurudumu yapita juu ya magogo yenyewe, na nafasi ya kukosea ni upana wa kiganja. Naye dereva, kabla ya kuingia, hufungua mlango wa upande wake na kuuacha wazi, ili gari likianguka apate kuruka.

Juu ya mzigo wameketi watu kumi na watano.

Ndugu wasomaji, katika jambo hili dogo la mlango limo swali lote tunalotaka kulichungua. Mtu yule ameonyesha kwa mkono wake mwenyewe kwamba dhamiri yake inalishuku daraja. Amejiwekea njia ya kutokea. Wale walioketi juu ya magunia, mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye fimbo, hawana mlango wa kufungua. Je, anayo ruhusa mbele ya Mungu kuwapitisha hapo?

Wengi hujibu upesi kwamba ndiyo, kwani daraja limevukwa jana. Jibu hili lina sura ya akili, lakini halisimami. Gogo la daraja halifi mahali panapoonekana. Huoza kwenye ncha zake, pale linapolala juu ya udongo wenye maji, au huliwa na mchwa kwa ndani, ganda likibaki zima. Mara nyingine gogo ni zima kabisa, lakini mvua za Machi hadi Mei zimekula udongo wa ukingo chini yake, hata ncha ya daraja haishiki kitu ila hewa. Kamyo lililovuka jana halikuthibitisha kwamba daraja ni imara. Huenda limelipunguzia nguvu iliyokuwa imebaki. Tena aliyepakia tani kumi kwenye daraja la tani tano, hata akifika ng'ambo salama na kumshukuru Mungu, amekula sehemu ya daraja la mwenzake ajaye nyuma. Hilo pia ni deni, ingawa hakuna anayekuja kulidai.

Wengine hujibu: “Mungu yupo.” Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu, maana neno hili ni la kweli, na midomo inayolisema mara nyingi ni ya watu wema. Makamyo yetu mengi yameandikwa jina la Mungu mbele, na rozari huning'inia kwenye kioo. Hatudharau ibada hiyo hata kidogo. Lakini tukumbuke ni nani aliyemshauri Bwana wetu Yezu Kristu ajitupe toka juu ya Hekalu, eti malaika watampokea. Wala hakukosa kutaja Maandiko Matakatifu alipokuwa akimshauri. Mtakatifu Toma wa Akwino alilitafakari jambo hilo katika kitabu chake kikuu cha teolojia, akafundisha kwamba mtu humjaribu Mungu pale ambapo, akiwa na uwezo wa kujisaidia, anaacha kufanya lililo katika uwezo wake na kujitia hatarini pasipo haja, ili aone kama Mungu atamwokoa. Asiye na njia nyingine akajikabidhi kwa Mungu, huyo amemtumaini. Mwenye njia nyingine akaiacha kwa uvivu wa kushuka garini, huyo amemjaribu. Maneno yao yaweza kuwa yale yale, na rozari yao ile ile.

Mtakatifu Kristofa, ambaye madereva wanampenda, asimuliwa kuwa aliwavusha wasafiri mtoni kwa mabega yake. Wachoraji hawamsahaulii fimbo yake ndefu, aliyoitumia kujitegemeza majini. Aliingia majini kwa miguu yake mwenyewe, akipima kila hatua.

Jambo la kutisha zaidi ni daraja ambalo maji yamelifunika. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui, nchini Kenya, basi lililowachukua wanakwaya Wakatoliki waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu wakati maji yamepanda juu ya daraja. Watu walisimama ukingoni wakitazama. Basi liliingia, maji yakalisukuma pembeni, likalala, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hatuandiki haya ili tumhukumu mtu; hukumu ni ya Mungu, ambaye peke yake alijua kilichokuwa moyoni mwa kila aliyekuwamo. Lakini sisi tulio hai twapaswa kujifunza. Gari ni zito barabarani, na kwa sababu hiyo twadhani ni zito pia majini. Kumbe maji hulibeba. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 30 tu yaweza kuanza kuliinua gari dogo, na ya sentimeta 60 huyachukua magari mengi. Tena chini ya maji ya matope hakuna ajuaye kama daraja lingali pale. Hao walikuwa watu wa kanisa, wakienda kuimba katika sakramenti ya Ndoa. Asiseme mtu basi kwamba safari njema hulindwa kwa wema wake.

Walimu wa elimu ya maadili hutumia mfano wa mwindaji, na mfano huo watu wa Walikale wanauelewa kuliko wanafunzi wengi wa Ulaya. Mwindaji aona kichaka kikitikisika. Hajui kama ni mnyama au ni mtu aokotaye kuni. Je, apige? La. Hata kama ni mara tisa kati ya kumi kwamba ni mnyama, hana ruhusa mpaka ajue, kwani uhai wa mwenzake si wake auweke katika bahati. Hata akipiga na kumkuta kweli ni swala, mbele ya Mungu alikuwa tayari kumwua mtu. Kwa sababu hiyo dereva aliyewapitisha watu juu ya daraja alilolishuku, naye angeweza kuwashusha, akavuka salama, asidhani kwamba hana la kumwambia padri katika kitubio. Kufika salama ni zawadi ya Mungu. Si cheti cha kwamba alitenda vema.

Mtu akiuhatarisha uhai wake mwenyewe, jambo lina sura nyingine kidogo, ingawa uhai huo nao ni amana. Sisi wa Goma twajua daraja lisilo la mbao wala la chuma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukaikata barabara ya kwenda Rutshuru. Baada ya siku chache uso wa lava ulikuwa mweusi, ukaonekana umepoa, na watu waliokuwa wametengwa na nyumba zao wakaanza kuvuka kwa miguu. Wengi walifika. Wengine walizidiwa na hewa ya sumu, wakakosa pumzi, wakafa. Nani atamlaumu baba aliyevuka kuwatafuta watoto wake? Lakini baba yule hakuwabeba majirani kumi juu ya kichwa chake pasipo kuwauliza.

Hapo twafika penye ugumu wa kweli. Tuseme ni usiku, mto umejaa, na garini yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa ambaye mkunga ameona kwamba mtoto amekaa vibaya. Ng'ambo kuna hospitali. Kubaki ni hatari, na kuvuka ni hatari. Hapa kanuni ya kushika njia iliyo salama haitoi jibu jepesi, kwa kuwa hakuna njia iliyo salama. Yafaa kupima hatari kwa hatari, kwa macho yaliyo wazi na kwa shauri la mama mwenyewe na jamaa zake. Na dereva akivuka baada ya kupima hivyo, twaamini amemtumaini Mungu, hakumjaribu. Vivyo hivyo padri aitwaye kutoa Mpako wa wagonjwa. Ila tujihadhari tusiyavike magunia ya viazi nguo ya yule mama. Nyanya zinaoza, soko ni la kesho, mwenye gari anapiga simu kila saa: haya ni matatizo ya kweli, wala hatuyachezei, maana dereva naye ana watoto wa kulipiwa shule. Lakini nyanya zikioza hupandwa nyingine.

Na huyo mwenye gari, aliyeketi mjini? Twaona kwamba mzigo wake wa dhambi waweza kuwa mzito kuliko wa dereva. Akimwambia mtumishi wake, “Usipofika leo, kesho usije,” amemsukuma mtoni kwa mkono mrefu. Hata sisi abiria hatuna mikono safi. Dereva akisimama ukingoni na kusema, “Tungoje maji yashuke,” ni nani huanza kumcheka na kumwita mwoga? Mara nyingi ni watu wenyewe anaotaka kuwaokoa. Katika mafundisho ya fadhila tulijifunza kwamba nguvu isiyoongozwa na busara si fadhila tena. Dereva anayestahimili matusi ya watu kumi na watano, usiku kucha, katika baridi ya Masisi, kwa sababu hakuridhika na ukingo wa daraja, huyo ndiye mwenye moyo wa simba, hata kama hakuna atakayemsifu kijiweni.

Yapo pia madaraja ambayo dereva hakuweza kuyashuku. Daraja la Morandi huko Genova, Italia, lilifunguliwa mwaka 1967, la saruji, refu na zuri. Tarehe 14 Agosti 2018 lilianguka mvua ikinyesha, wakafa watu 43. Kutu ilikuwa imekula chuma kilichofichwa ndani ya saruji. Waliopita juu yake asubuhi ile hawakuwa na kosa lolote. Swali liliwageukia wenye wajibu wa kulitazama na kulitengeneza. Nasi kwetu swali hilo halikwepeki. Katika mwezi wa Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400 na kuikata barabara ya Goma na Bukavu. Mafuriko kama hayo hayazuiliwi na mbao mbili. Lakini baina ya mafuriko makubwa kuna miaka mingi ya uzembe mdogo. Anayepokea ushuru wa barabara na kuuweka mfukoni. Anayeng'oa mbao za daraja usiku akapikie. Kijiji kinachongoja mzungu au serikali kije kuweka gogo ambalo vijana ishirini wangeliweka kwa salongo moja: hao wote amri ya tano inawahusu, ingawa hawajamgusa mtu. Zamani huko Ulaya maaskofu walitoa rehema kwa Wakristu waliochangia ujenzi wa madaraja, kwani waliihesabu kazi hiyo kuwa tendo la huruma kama kumvika aliye uchi.

Turudi kwa kamyo letu lililosimama ukingoni, maana kuna la kufanya siku hiyo hiyo. Watu washuke wote kabla dereva hajaingia. Wavuke kwa miguu, wakishikana mikono, mama na watoto katikati. Gari life likifa, lakini life tupu. Kama gogo lenyewe halina hakika, au maji yamepita juu yake, hata dereva asiingie. Walale hapo wangoje. Tumesikia wakilalamika kwamba mvua inanyesha, kwamba matope yataharibu viatu vya Misa, kwamba walilipa nauli ili wasitembee. Na juu ya bibi mzee asiyeweza kutembea juu ya mbao zinazoteleza, wapo wanaosema kwamba yeye abaki juu ya mzigo. La, asibaki. Vijana wakate miti miwili, wafunge kitenge, wafanye kipoyi, wamvushe taratibu mbele ya gari. Gunia lake la viazi litamfuata nyuma na kamyo.