Mahakama Iliyorudi Nyuma
Somo: Yohana 11:47–53



Baada ya ibada Jumapili iliyopita, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Pasta, huyu Kayafa alikosea wapi hasa? Mtu mmoja aumie, taifa lipone. Si hiyo ni hesabu nzuri?" Mimi nimesomea biashara na hesabu nazipenda, lakini swali hilo nililala nalo. Hebu nilijibu kwa kesi moja ya India.

Usiku wa tarehe 5 Juni 2003, katika jimbo la Maharashtra, majambazi walivamia kibanda cha familia iliyokuwa ikiishi shambani. Waliiba, wakabaka, wakaua watu 5. Mama mmoja na mwanawe walijeruhiwa lakini wakapona. Nchi nzima ingetaka nini? Wauaji washikwe, tena haraka.

Polisi wakashika wanaume 6. Wote walikuwa maskini, vibarua, watu wa jamii za wahamaji ambazo huko huitwa wezi kabla hazijafungua mdomo. Mwaka wa 2006 mahakama iliwahukumu wote kifo. Mahakama Kuu ikawapunguzia watatu, ikawapa kifungo cha maisha. Wakakata rufaa kwenye Mahakama ya Juu, na mwaka wa 2009 rufaa hiyo ikatupwa. Si hivyo tu: wale watatu waliokuwa wamepunguziwa wakarudishiwa kitanzi. Juu ya mahakama hiyo hapakuwa na nyingine. Mlango ulikuwa umefungwa.

Lakini mwaka wa 2018 mahakama ile ile ilikubali kuifungua tena hukumu yake yenyewe. Tarehe 5 Machi 2019, majaji watatu wakawaachilia wote 6. Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo lilikuwa kwenye faili tangu mwanzo. Yule mama aliyenusurika alionyeshwa na polisi picha za wahalifu wanaojulikana, akawaonyesha wanne. Hakuna hata mmoja wa wanne hao aliyekuwa kati ya hawa 6. Polisi hawakuwafuatilia. Ushahidi ulikuwepo miaka yote hiyo, ila hakuna aliyeutazama vizuri. Mahakama iliamuru kila mmoja alipwe rupia 500,000, na maofisa walioharibu uchunguzi watafutwe na kuchukuliwa hatua.

Sasa turudi kwa Kayafa. Kuna watu watasema: "Na wale 5 waliokufa? Haki yao iko wapi?" Ni swali la kweli na si la kupuuzwa. Damu yao inalia. Lakini angalia vizuri. Ukimnyonga asiyehusika, marehemu hajapata haki yoyote. Umeongeza kaburi la sita, na muuaji halisi analala kwake akijua hakuna anayemtafuta tena. Kumbe hesabu ya Kayafa haikosei kwa upande wa huruma peke yake, inakosea hata kama hesabu. Inadhani deni limelipwa, kumbe limehamishiwa kwa mtu mwingine.

Na tuangalie ni nani huwa anachaguliwa kuwa yule "mtu mmoja". Si mtoto wa mkubwa. Ni yule asiye na wakili, asiye na jina, ambaye hata kabla ya ushahidi tulikuwa tumeshaamua anafanana na mwizi.

Kuna kitu tulifundishwa kwenye uhasibu. Ukikosea kwenye kitabu, hufuti kwa raba wala hurarui karatasi. Unaandika ingizo jipya la kusahihisha, mahali pale pale kila mtu anaposoma, na kosa la kwanza linabaki likionekana. Hivyo ndivyo mahakama ile ilivyofanya. Haikuwatoa watu hao kimyakimya usiku. Iliandika wazi. Wengi wetu tunaogopa kwamba tukikubali tumekosea, watu watatudharau. Mimi naona kinyume: afadhali niamini hukumu ya mtu anayeweza kurudi nyuma kuliko ya mtu ambaye hajawahi kukosea.

Hata hivyo, miaka karibu 16 hairudi. Rupia haziwezi kuinunua. Ndiyo maana kurudi nyuma ni dawa ya mwisho. Ya kwanza ni kutazama kabla ya kuhukumu. Katika Mwanzo 18, Mungu anayejua yote anasema atashuka aone mwenyewe mambo ya Sodoma. Yeye ashuke, sisi tuhukumu tukiwa tumekaa kwenye kiti na simu mkononi?

Nayasema haya nikiwa na deni langu. Miaka miwili iliyopita bahasha ya sadaka haikuonekana. Mbele ya kamati nzima nilimtaja kijana mmoja wa mlangoni, kwa sababu alikuwa mgeni na hakuwa na kazi. Tulimvua utepe wa huduma. Wiki tatu baadaye nilipata bahasha hiyo kwenye droo yangu, ndani ya kitabu cha risiti. Nilimwita ofisini, nikafunga mlango, nikamwomba msamaha. Alisema, "Nimekusamehe, Pasta." Nikadhani yameisha.

Hayajaisha. Nilimshtaki mbele ya watu 11, nikamsafisha mbele ya kuta nne. Wako hapa kanisani ambao mpaka leo wakimwona wanashika mikoba yao.

Nimeongea naye, na amekubali. Jumapili hii, ibada ya pili, kabla ya matoleo, nitasimama nilisahihishe hadharani. Kamati nzima naiomba iwepo. Na wewe, kama kuna mtu uliyemhukumu mbele za watu kisha ukajua ulikosea, usingoje miaka 16. Mungu atusaidie.