Giza Likiingia Nyumbani, Nani Alaumiwe?



Yako maswali ambayo wachumba hawaulizi katika mafundisho ya ndoa, kwa sababu bado hawajalala pamoja chini ya paa linalovuja. Mojawapo ni hili: shida ikiingia nyumbani na haikuletwa na mtu yeyote, je, ni haki kumlaumu mwenzako? Wengi watajibu mara moja kwamba si haki. Lakini mvua ikinyesha siku tatu mfululizo na stima ikipotea, jibu hilo husahaulika kabla ugali haujaiva.

Wenzetu wa nchi za baridi hupatwa na mambo haya kwa njia ya theluji. Mwezi wa Februari 2021, katika jimbo la Texas huko Marekani, theluji na baridi kali vilivuruga mitambo ya umeme, na nyumba zaidi ya milioni 4 zikabaki bila umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Sisi wa Rusinga theluji hatuijui, lakini mvua na upepo wa Ziwa tunavijua. Giza nalo tunalijua. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikosa umeme, na jambo hilo likarudi Novemba na Desemba mwaka huohuo. Hata bila hayo makubwa, upepo ukiangusha nguzo moja tu, kijiji hulala gizani.

Mvua inavyoingia ndani ya ndoa

Tuangalie jambo lenyewe linavyokwenda. Omena huvuliwa kwa taa, usiku usio na mbalamwezi. Asubuhi akina mama huinunua ufuoni na kuianika juu ya nyavu kuukuu au juu ya mawe. Jua likiwaka vizuri, siku moja yatosha. Mvua ikiipata kabla haijakauka, omena huharibika, na kile kilichokuwa chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mtaji wa wiki nzima umechukuliwa na wingu la nusu saa. Naye mwenye kuuza mbuta na ngege, stima ikipotea, barafu yake huyeyuka akiitazama. Tena miezi ya Aprili hadi Julai, ambayo kwa desturi uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, huanza wakati uleule wa mvua ndefu. Kwa hiyo jua, stima na fedha huweza kuondoka nyumbani kwa pamoja.

Sasa ingia ndani. Kuni zimelowa, moshi umejaa. Watoto wana kazi ya shule na hakuna taa. Simu imezima, basi hata fedha kidogo zilizomo ndani ya simu hazitoki. Baba amerudi kutoka ufuoni mikono mitupu kwa sababu mawimbi yamekataa mashua. Mama amerudi na karai la omena iliyolowa. Hapo neno la kwanza huwa dogo: "Si nilikuambia ununue mafuta ya taa?" La pili humjibu la kwanza: "Pesa uliniachia wapi?" La tatu si la mafuta tena. La tatu ni la mama mkwe, ni la mahari, ni la mambo ya mwaka juzi.

Ndugu msomaji, hapa kuna jambo la kuelewa. Shida isiyo na mwenyewe hutafuta mwenyewe. Huwezi kugombana na wingu, wala huwezi kuushtaki upepo kwa chifu. Moyo uliojaa unataka mtu wa kumkabili, na mtu aliye karibu kuliko wote ni yule uliyeapa mbele ya altare kuwa naye katika taabu na raha. Ndivyo mtu wa karibu zaidi anavyogeuka kuwa mtu wa kupigwa.

Kumwambia na kumlaumu

Wengine hunipinga wakisema: "Katekista, nisipomwaga moyo wangu kwa mume wangu nitaumwaga wapi? Kwa jirani?" Swali ni zuri na linastahili jibu. Ni kweli kwamba mwenzi wa ndoa ndiye wa kwanza kupewa uchungu wa moyo. Anayenyamaza nyumbani na kueleza shida zake kilabuni, au kwa majirani kisimani, ameivunjia ndoa yake heshima.

Lakini kumwambia mtu uchungu ni kitu kimoja, na kumtwika kosa ni kitu kingine. Ukisema, "Omena yangu imeharibika, naogopa hatutapata ada ya shule," umemwita aje asimame upande wako. Ukisema, "Ungekuwa mume kama wengine nisingeuza omena," umemweka upande wa mvua. Machozi ni yaleyale, lakini katika neno la kwanza mko wawili dhidi ya shida, na katika neno la pili wewe uko peke yako dhidi ya wawili, yaani shida na mwenzako.

Wavuvi waliosema "Hujali"

Sisi watu wa Ziwa tunaisoma Injili ya Marko, sura ya 4, kwa namna yetu. Tunajua dhoruba ya usiku ni nini. Wale mitume, wengi wao wavuvi, walipoona maji yanaingia chomboni walimwamsha Yesu. Tazama vizuri walichomwambia. Hawakuomba tu msaada, bali walimuuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Hofu yao iligeuka lawama kwa muda mfupi sana, tena lawama kwa yule aliyewapenda kuliko wote.

Ndivyo ilivyo nyumbani. Chini ya karibu kila lawama ya usiku wa mvua liko neno hilo moja: hujali. Mke anayefoka juu ya mafuta ya taa mara nyingi anauliza, "Je, mimi na watoto tumo moyoni mwako?" Mume anayepiga meza kwa sababu chakula kimechelewa mara nyingi anauliza, "Je, bado mimi ni mtu hapa, ingawa leo sikuleta kitu?" Ukijibu habari ya mafuta, hujajibu swali.

Tena tazama mpango wa Bwana katika Injili hiyo ya Marko. Kwanza aliutuliza upepo. Baada ya utulivu ndipo alipowauliza mitume habari za hofu na imani yao. Hakuwakemea huku chombo kikijaa maji. Nasi tujifunze: kwanza funika mahali panapovuja, washa moto, walishe watoto. Maonyo yana wakati wake.

Kosa likiwa la kweli

Hata hivyo tusidanganyane. Si kila giza ni la mvua. Kuna bwana aliyekunywa fedha za mafuta ya taa. Kuna aliyeahidi kurekebisha bati tangu kiangazi, na kila siku akapita chini ya tundu lile akienda kucheza bao. Kuna mama aliyetumia akiba ya nyumba kwa sare ya chama bila kusema. Hapo lawama ina mwenyewe, na kumwambia anayeumizwa avumilie tu ni kumwongezea mzigo ambao Kristo hakumpa.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 25, wanawali kumi wote walisinzia na wote walikuta usiku. Tofauti yao ilikuwa mafuta, na mafuta yalipaswa kutafutwa mapema. Wale wenye busara hawakuweza kuwagawia wenzao. Maana yake kwetu ni kwamba upendo wa ndoa hauishii katika upole wa usiku. Upendo ni pia bati lililopigwa msumari mnamo Januari, kuni zilizowekwa mahali pakavu, taa ya sola iliyochajiwa mchana, na shilingi chache zilizofichwa kwa siku ya mawingu. Asiyejiandaa kwa uzembe, kisha akadai aeleweke, anaomba mafuta ya mwenzake.

Basi tufanyeje na kosa la kweli? Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso katika sura ya 4, anatuonya tusiache jua lichwe tukiwa bado na hasira. Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume "Amoris Laetitia" wa mwaka 2016, naye alizisihi familia zisimalize siku bila kupatana. Wengine hudhani maana yake ni kwamba kila kesi iamuliwe usiku uleule. Sivyo. Kupatana ni jambo moja na kufanya hesabu ni jambo jingine. Usiku patana: gusa mkono wa mwenzako, sema neno la amani, salini pamoja hata kama ni Baba Yetu moja. Kesho mchana kaeni mhesabu: fedha zilikwenda wapi, bati litarekebishwa lini. Anayefanya hesabu gizani huhesabu vibaya. Naye anayepatana usiku kisha akaikimbia hesabu ya mchana, hakupatana, alinunua usingizi.

Nani anabeba giza?

Liko jambo jingine la haki. Stima ikipotea, kazi haigawanyiki sawa. Mara nyingi mama ndiye anayepuliza moto wenye moshi, anayeteremka ziwani kuteka maji, anayefua nguo zisizokauka, huku baba akikaa mlangoni akingoja mvua ipungue. Bwana mpendwa, Kristo alijifunga kitambaa akawaosha mitume miguu. Kubeba ndoo ya maji hakutakupunguzia uanaume mbele ya mtu yeyote mwenye akili, na watoto wako wa kiume watajifunza hapo kuwa waume.

Nawe mama mpendwa, jua kwamba mwanamume anayerudi mikono mitupu amebeba aibu, na aibu ni nzito kuliko wavu uliojaa. Wengi huikimbia aibu hiyo kwa kwenda kilabuni au kwa kufoka. Hilo halimpi ruhusa ya kukunyanyasa, na mkono ukiinuliwa, tafuta usalama wako na wa watoto kwanza. Lakini kama ni mtu mwema aliyeshindwa na mawimbi, usimvue nguo mbele ya watoto kwa kumtajia waume wa wengine.

Na lipo neno moja ambalo mume asilitamke kamwe mvua ikileta uhaba: "Mbona wenzako wanapata samaki?" Katika fuo zetu sote tunaujua mtego uitwao jaboya, ambapo mwanamke hupewa samaki kwa kuutoa mwili wake. Samaki wanapopungua, mtego huo hukaza. Mke aliyerudi na karai tupu huenda amerudi hivyo kwa sababu alikataa. Karai hilo tupu ni uaminifu wa ndoa yako. Lipokee kwa heshima, wala usimrudishe ufuoni kwa maneno yako.

Faida na hatari za giza

Husemwa siku hizi kwamba stima ikipotea familia hupata nafasi ya kuzungumza, kwa kuwa televisheni na simu zimenyamaza. Kuna ukweli hapo, lakini tusimwambie hivyo mama ambaye samaki wake wanaoza. Giza halileti upendo. Giza huonyesha tu kama upendo ulikuwamo. Ikiwa hamkuwa na la kusemezana kabla ya stima kupotea, mtasikia ukimya huo wazi zaidi. Basi uwe mwanzo wa kusema.

Neno moja la tahadhari: usiku wa baridi msiingize jiko la makaa katika chumba mnacholala mkafunga milango na madirisha. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Katika giza lile la Texas pia wako waliokufa kwa hewa hiyo, wakitafuta joto.

Wapendwa, wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja kikiachwa peke yake huzimika, na hasa kuni zikiwa na unyevu. Mume peke yake na hasira yake, mke peke yake na uchungu wake, ni vijinga viwili vinavyofuka moshi katika chumba kimoja. Mvua haiko mikononi mwetu, wala stima. Kilicho mikononi mwetu ni kusogeza kijinga karibu na kingine.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke

1. Mara ya mwisho shida isiyo na mwenyewe ilipoingia kwetu, tulimpa nani kosa?
2. Katika nyumba yetu, ni nani hubeba kazi nyingi zaidi wakati wa mvua? Tutazigawaje?
3. Ni "mafuta" gani tunapaswa kuyatafuta sasa, kabla ya mvua zijazo?
4. Je, kuna hesabu tuliyoahidi kuifanya mchana, nasi tumeikimbia?

Familia Takatifu ya Nazareti, iliyosafiri usiku na kuishi ugenini, iwaombee. Mungu azibariki nyumba zenu.