Chema Chajiuza? Wajibu wa Mwandishi kwa Kitabu Kilichotoka na Kitabu Kisichoandikwa

Utangulizi

Waswahili wana methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wana pia msemo wa sokoni kwamba biashara ni matangazo. Semi hizi zikiwekwa sambamba hazipatani. Ya kwanza inamtaka mwenye bidhaa akae kwake, asubiri ubora wa kitu chake umwitie wanunuzi. Ya pili inamwambia kwamba asiyepiga mbiu atalala na bidhaa yake. Mwandishi wa fasihi amesimama katikati ya semi hizi. Kitabu chake kikishatoka kiwandani, anahitajiwa kukizindua, kukisoma hadharani, kukijibia maswali shuleni na redioni, na siku hizi kukitaja kila kukicha katika mitandao ya kijamii. Wakati huo huo, ndani ya saa hizo hizo, kuna kitabu kingine kinachomngoja mezani.

Aghalabu suala hili huchukuliwa kuwa la ratiba tu: asubuhi iwe ya kuandika, alasiri ya kutangaza, na mambo yatakwisha. Makala haya yanashikilia kwamba suala hili ni la kimaadili kabla ya kuwa la ratiba. Maadamu saa za binadamu zina kikomo, kumpa mmoja ni kumnyima mwingine. Na anayenyimwa hapa ni kitabu ambacho bado hakina kinywa cha kujitetea. Swali basi ni hili: mwandishi anawiwa nini na kazi aliyoimaliza, na anawiwa nini na ile ambayo hajaiandika?

Kabla ya mtengano

Inafaa ikumbukwe kwamba mtengano huu wa kutunga na kutangaza si wa tangu na tangu. Katika Mombasa ya mwanzo wa karne ya 19, Muyaka bin Haji hakuwa na haja ya kulitungia shairi lake siku ya uzinduzi. Shairi hata likiwa limefumwa faraghani, lilikamilika pale lilipotamkwa, likasikiwa, likajibiwa, na likachukuliwa na vinywa vya wengine. Muyaka alifariki mwaka 1840. Tungo zake ziliishi katika kumbukumbu za watu wa Mombasa hadi zilipokusanywa na kuandikwa baadaye katika karne hiyo, kazi ambayo Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliifanya kwa pamoja. Na diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Katika muda wote huo aliyezitembeza tungo hizo si mtunzi, bali ni jamii iliyoona zinafaa kukumbukwa.

Chapa ndiyo iliyoleta mtengano. Kitabu huandikwa na mtu aliye peke yake, hutengenezwa na wengine, na husomwa na watu asiowajua, mahali asipokuwapo. Baina ya mwandishi na msomaji pana pengo, na lazima awepo wa kulivuka. Mgogoro unaojadiliwa hapa umezaliwa katika pengo hilo: ni nani anayestahiki kulivuka, na kwa gharama ya nani?

Hoja ya wanaotangaza

Hoja ya kwanza ya kumtaka mwandishi atoke ni ya kale. Katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, Plato anamfanya Socrates alalamike kwamba maneno yaliyoandikwa hayawezi kujieleza. Ukiyauliza yanarudia yale yale. Yakidhulumiwa hayajitetei, bali humhitaji baba yake aje ayasaidie. Kwa mtazamo huu, mwandishi anayekiacha kitabu chake kijiendee ni mzazi aliyemtelekeza mwanawe.

Hoja ya pili inatokana na hali halisi ya soko. Methali ya chema chajiuza ina sharti ambalo haikulitamka, kwamba mnunuzi awe anakiona hicho chema. Nchini Kenya, ambapo biashara ya vitabu imeegemea mno mahitaji ya shule, sharti hili halitimizwi kwa urahisi. Riwaya iliyoteuliwa kutahiniwa husafiri hadi mikononi mwa wanafunzi bila mwandishi wake kuinua mguu. Siku Njema (1996) ya Ken Walibora ilipata wasomaji wengi kwa njia hiyo. Lakini riwaya isiyoteuliwa, iwe bora namna gani, yaweza kukaa ghalani hadi mchwa waijue kuliko watu. Kumwambia mwandishi wa riwaya ya namna hiyo anyamaze kwa sababu ya adabu ni kumtaka ashiriki katika kuizika kazi yake.

Fauka ya hayo, mwandishi hakukitengeneza kitabu peke yake. Mchapishaji ametia mtaji, mhariri ametia macho, na msanii ametia jalada. Anayekubali mtaji wa wengine na kisha akakataa kusema hata neno moja kuhusu kazi yao ya pamoja ana deni ambalo hawezi kulikana kwa kutaja usafi wa sanaa.

Hoja ya wanaonyamaza

Upande wa pili nao una ushahidi wake, na maisha ya Charles Dickens ni mfano wenye kufundisha. Kuanzia mwaka 1836 hadi 1857 Dickens aliandika riwaya kumi na moja. Mwaka 1858 alianza kusoma kazi zake hadharani kwa malipo. Tangu mwaka huo hadi kifo chake alikamilisha riwaya tatu tu. Katika ziara yake ya Marekani ya 1867 na 1868 alisoma mara 76. Mwaka 1869, akiwa katika ziara ya kuwaaga wasomaji wa kwao, afya ilimwangusha na madaktari wakamsimamisha. Hata hivyo alirudi jukwaani London mapema mwaka uliofuata kwa vikao kumi na viwili vya mwisho. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, akiwa na umri wa miaka 58. The Mystery of Edwin Drood, iliyopangwa kuwa na sehemu kumi na mbili, alikuwa ameiandikia sita tu.

Mfano huu hautakiwi kutumiwa kwa pupa. Dickens alikuwa pia mhariri wa jarida, alikuwa na gharama nyingi za nyumbani, na ajali ya gari moshi ya mwaka 1865 ilimwachia mtikisiko mkubwa. Isitoshe, Great Expectations (1860–61) iliandikwa baada ya vikao hivyo kuanza. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba jukwaa lilimuua mwandishi papo hapo. Jambo lisilokanika ni jingine. Kilichosomwa jukwaani kilikuwa hasa ni kazi za zamani, A Christmas Carol ya 1843 ikiwamo. Nguvu za mwandishi aliye hai zilikuwa zinatumika kuvitumikia vitabu ambavyo tayari vilikuwa maarufu, ilhali kitabu ambacho hakingeweza kuandikwa na mtu mwingine yeyote kilikuwa kinangoja. Kilingoja hadi mwenyewe akaondoka.

Wapo walioiona hatari hii wakakataa mapema. Mwandishi wa Kiitaliano anayejulikana kwa jina la Elena Ferrante alimwarifu mchapishaji wake, kabla ya riwaya yake ya kwanza kutoka mwaka 1992, kwamba hangefanya lolote la kuitangaza kwa nafsi yake. Vitabu vyake vilienea ulimwenguni bila ya uso wake. J. D. Salinger alifika mbali zaidi: baada ya 1965 hakuchapisha tena hadithi yoyote, ingawa aliishi hadi 2010 na aliendelea kuandika. Hata hivyo mifano hii miwili haina uzito mmoja. Ferrante alikataa kutangaza ili aweze kuchapisha. Salinger aliishia kuona kuchapisha kwenyewe ni namna ya kujitangaza. Wa kwanza aliilinda njia ya kazi hadi kwa msomaji. Wa pili aliifunga.

Uzito usiolingana

Je, hoja hizi zipimweje? Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kutangaza na kuandika ni kazi mbili zinazogombea saa tu, na kwamba mizani ikisawazishwa haki imetendeka. Kwa hakika kazi hizi hazilingani, na hazilingani kwa njia mbili.

Kwanza, kutangaza kwaweza kufanywa na mwingine, kuandika hakuwezi. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise ilitoka mwaka 1994, na ikafika katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Ilichukua miaka 28 kabla haijasomeka kwa Kiswahili, lugha ya wengi wa wahusika wake, pale tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilipochapishwa mwaka 2022, baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Hapa chema hakikujiuza. Lakini pia hakikutembezwa na mtunzi wake. Kilibebwa na watoa tuzo, mfasiri na mchapishaji. Hali kadhalika, Caitaani Mũtharaba-Inĩ ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1980) ilisomwa kwa sauti majumbani na hata katika mabaa, na watu walioona kwamba inawahusu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962; Kufikirika na Utubora Mkulima zilichapishwa baadaye, pasipo yeye kuwepo kuzizindua, na shule zikazifikisha kwa vizazi. Lakini hapana mfasiri, mwalimu wala mchapishaji ambaye angeweza kuziandika kwa niaba yake.

Pili, kazi hizi mbili huutaka moyo wa mtu uwe na hali zinazopingana. Anayetangaza hurudia anachokijua. Anayeandika hutafuta asichokijua. Anayetangaza lazima awe na hakika na kazi yake. Anayeandika huishi kwa shaka, na shaka hiyo ndiyo inayomfanya afute na kuanza upya. Saa moja ya kutangaza kwa hivyo haili saa moja tu ya kuandika. Huacha nyuma yake mwangwi wa makofi, na mwandishi anayerudi mezani na mwangwi huo masikioni yumo hatarini kuandika tena kile kilichopigiwa makofi.

Hapa hoja ya Plato inadai jibu. Ni kweli kwamba andiko halijitetei. Lakini je, baba ndiye mtetezi pekee, au hata aliye bora? Roland Barthes alipotangaza mwaka 1967 kifo cha mwandishi, wahakiki wengi waliipokea hoja hiyo. Ni kinaya kwamba tangu hapo soko limezidi kumwita jukwaani yule yule ambaye uhakiki ulikwisha kumzika. Si lazima mtu aikubali nadharia hiyo yote ili akiri kwamba mwandishi anapoifafanua riwaya yake hadharani huenda akaipunguza: msomaji aliyekuwa na maana tatu huondoka na moja, yenye muhuri wa mwenyewe.

Kutangaza na kujitembeza

Methali yenyewe inatoa tofauti ambayo mara nyingi hupuuzwa. Haikusema kwamba kibaya chatangazwa, ilisema chajitembeza. Kutangaza ni kumjulisha msomaji kwamba kitu kipo na kinapatikana wapi, kisha kumwachia njia. Kujitembeza ni kuiweka nafsi mahali pa kitu. Kipimo chake si kigumu: mazungumzo yakimwacha msikilizaji na hamu ya kukisoma kitabu, mwandishi ametangaza, yakimwacha ameridhika kwamba amemwona mwandishi na hana haja tena ya kitabu, amejitembeza. La kwanza ni wajibu wenye mpaka, nao hutimia: kitabu kikishajulikana, deni limelipwa. La pili halina mwisho, kwa sababu nafsi haishi kutamani kutazamwa.

Kwa kufuata tofauti hii, wajibu kwa kitabu kilichotoka ni wa kweli lakini una kikomo, na sehemu yake kubwa yaweza kukabidhiwa wengine. Wajibu kwa kitabu kisichoandikwa hauna wa kukabidhiwa. Yaweza kupingwa kwamba kisichokuwepo hakimdai mtu, na kwamba mwandishi yu huru kuacha kuandika. Ni kweli kwamba yu huru, na hakuna msomaji mwenye haki ya kumshtaki. Lakini kipawa kina sura ya amana zaidi kuliko ya mkopo: mwenye amana halazimishwi na mdai, na hata hivyo anajua kama ameitunza au ameiponda. Yale mawili yanapogongana kwa kweli, basi, kisichoandikwa ndicho chenye haki kubwa zaidi, kwa kuwa hakina mwingine.

Hitimisho

Uamuzi huu ungekuwa mwepesi kupita kiasi endapo ungemwachia mwandishi mzigo wote. Haifai kumsifu anayenyamaza na kumbeza anayebeba vitabu vyake mfukoni kutoka shule hadi shule, bila kuuliza ni nani aliyemwacha avibebe peke yake. Kila riwaya ya Kiswahili inayotoka na kupita mwaka bila kuhakikiwa, bila kuingizwa katika silabasi ya chuo chochote, bila kutajwa katika mhadhara hata mmoja, humsukuma mwandishi wake atoke nje akaifanye kazi ambayo wengine wameajiriwa kuifanya. Pengo lililoachwa na chapa baina ya mwandishi na msomaji lilikuwa na walinzi wake: mchapishaji, mwalimu, na mhakiki. Wanapolala, mwandishi huacha meza yake, na kitabu kinachopotea hakijulikani kamwe, kwa kuwa hakikupata kuandikwa.

Chema, basi, hakijiuzi. Huuzwa na wale walioweza kukitambua. Idara za fasihi zinazojivunia utambuzi huo zina sehemu yake katika hesabu hii, na sehemu hiyo haipimwi kwa idadi ya nadharia zinazofundishwa humo, bali kwa idadi ya vitabu vipya vilivyosomwa humo kabla ya waandishi wake kulazimika kuja kubisha hodi.