Sahihi ya Askofu Mkuu

Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Anglikana nchini Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua kuhusu watu waliokuwa wakiuawa na kupotea. Wakatia sahihi. Hebu fikiria: karatasi yenye jina lako, mezani kwa Amin! Tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa Kampala, akauawa. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwili ulikuwa na matundu ya risasi.

Mimi hunigusa zaidi ile sahihi ya Luwum. Kifo hakikuwa mikononi mwake, kalamu ilikuwa.

Leo kazini ukiletewa stakabadhi ya uongo uipitishe, ikatae, hata mkono ukitetemeka. Bosi akinuna, Bwana yuko nawe hapo hapo mezani.